Maradhi Yatokanayo na Mrija Yaandikwe kwa Jina Lake

Mgonjwa wa figo aishiye Sigor au Ndanai, Londiani au Mogogosiek, katika kaunti za Kericho na Bomet, ambaye figo zake zimekoma kufanya kazi na uhai wake sasa wategemea mashine ya kusafisha damu, hupigana na maadui wawili. Wa kwanza ni maradhi yenyewe ya figo, ambayo kila mtu huyajua, huyataja na kuyachangia fedha katika harambee. Na wa pili ni bakteria wapitao katika mrija uliotiwa kwenye mshipa wake mkuu, wakaingia katika damu, wakaenea mwilini kabla jamaa zake hawajatambua kwamba homa aliyorudi nayo kutoka hospitalini si homa ya kawaida. Akiuawa na adui wa pili, aghalabu hati zake humtaja adui wa kwanza: huandikwa kwamba amekufa kwa maradhi ya figo, au kwa moyo kusimama, na kalamu ikawekwa chini.

Taksiri hiyo ya kalamu wengi huiona kuwa jambo dogo la makarani. Mimi naiona kuwa jambo la uhai na mauti, na dai langu ni hili: kila maambukizi ya damu yampatayo mgonjwa mwenye mrija yapasa kuandikwa kwa jina lake na kwa chanzo chake, katika faili ya daktari, katika msimbo wa afisa wa rekodi za afya na, Mungu akipitisha amri yake, katika hati ya kifo, kwa sababu maradhi yasiyoandikwa hayawezi kuhesabiwa, na serikali haitengi fedha kwa ajili ya maradhi ambayo hesabu yake haijapata kuwekwa mezani.

Si insafu kulaumu kabla ya kushukuru. Katika kaunti hizi mbili, ambazo sensa ya mwaka 2019 ilikuta ndani yake watu 901,777 upande wa Kericho na 875,689 upande wa Bomet, aliyehitaji kusafishwa damu zamani hakuwa na njia nyepesi. Maana kabla ya mwaka 2015 hospitali za umma zenye mashine hizo nchini Kenya zilikuwa chache, na wengi walifunga safari za Nakuru, Eldoret au Nairobi, wakiuza ng'ombe na vipande vya shamba ili walipe nauli na malazi, mpaka mali ikaisha na mgonjwa akarudishwa nyumbani kungoja siku yake. Mwaka huo wa 2015 serikali ya taifa ilianza mpango wa kukodisha mitambo ya tiba kwa ajili ya hospitali za kaunti, na mashine za kusafisha damu zikawamo. Leo huduma hiyo hupatikana katika hospitali ya rufaa ya Kericho, katika hospitali ya rufaa ya Longisa, na katika hospitali ya misheni ya Tenwek. Bima ya NHIF nayo ililipa shilingi 9,500 kwa kila kikao, vikao viwili kwa wiki, mpaka dhamana hiyo ilipohamia kwa Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, tarehe 1 Oktoba 2024. Hii ni neema kubwa, na wapo watu wanaolea watoto wao leo ambao pasipo neema hiyo wangalikuwa kaburini.

Lakini mashine haisafishi damu isiyoifikia, na njia ya kuifikishia damu ndiyo kiini cha habari hii. Njia iliyo salama kuliko zote ni fistula ya mkono, ambayo haina uhusiano wowote na ile fistula ya uzazi ijulikanayo na wengi: daktari wa upasuaji huunganisha ateri na vena chini ya ngozi ya mkono, na vena ile, ikipokea nguvu ya damu itokayo moyoni, hupanuka na kukomaa kwa muda wa majuma kadhaa, hata iweze kuchomwa sindano kila kikao kwa miaka mingi. Ufundi huo ulielezwa na matabibu wa New York mwaka 1966, na hadi sasa haujapata wa kuupita. Njia ya pili ni katheta, yaani mrija laini utiwao shingoni, kifuani au kinenani, ncha yake moja ikakaa ndani ya mshipa mkubwa na ncha ya pili ikabaki nje ya ngozi, na fadhila yake ni kwamba waweza kutumika siku ile ile utiwapo.

Kwa kuwa kisukari na shinikizo la damu huangamiza figo kimyakimya, wengi katika wagonjwa wetu hawajijui mpaka siku wafikapo hospitalini miguu imevimba na pumzi imewabana, na hapo hapana nafasi ya kungoja majuma ya fistula: mrija hutiwa usiku ule ule, nao ni uamuzi wa haki, maana bila mrija mgonjwa angekufa kabla ya mapambazuko. Mashaka huanza baadaye, pale mrija uliokusudiwa kukaa siku chache unapokaa miezi kwa sababu fedha za upasuaji hazijapatikana, au mpasuaji yu mbali, au hapana aliyemkumbusha mgonjwa kwamba safari yake haijakamilika. Asafishwaye mara mbili kwa wiki hufunguliwa mrija na kufungwa zaidi ya mara 100 kwa mwaka, na kila mara, mikono isiyooshwa barabara, kifuniko kisichosuguliwa kwa dawa, au bandeji iliyolowa mvua ya alasiri njiani kwenda Litein, hutosha kuwafungulia bakteria mlango wa kuuelekea moyo.

Ukubwa wa hatari hiyo wajulikana kwingineko. Taasisi ya Marekani ya kudhibiti na kuzuia maradhi, CDC, ambayo hukusanya habari za vituo vya kusafisha damu nchini humo, ilitangaza mwaka 2023 kwamba bakteria aitwaye stafilokokasi aureus huingia katika damu ya wagonjwa wa mashine hizo mara 100 zaidi kuliko katika damu ya watu wazima wengine, na kwamba hatari ya mwenye mrija ni mara sita ya hatari ya mwenye fistula. Bakteria huyo hukaa puani na juu ya ngozi za watu wengi wenye afya bila kuwadhuru. Ila akipata njia ya kuingia damuni huenda akajenga makao katika vali za moyo au katika mifupa ya uti wa mgongo, na mgonjwa aliyekwenda kusafishwa damu akajikuta ana maradhi matatu mahali pa moja. Nasi hapa kwetu, ambako vituo vyenyewe ni vipya na mirija ni mingi, tungepaswa kujua hesabu zetu wenyewe vivyo hivyo, kaunti kwa kaunti na mwezi kwa mwezi.

Kwa nini hatuzijui? Sababu ya kwanza ni namna maradhi haya yajifichavyo. Mgonjwa huanza kutetemeka kwa baridi akiwa bado kitini, damu ikizunguka mashineni, kwa kuwa ndipo bakteria waliojikusanya ndani ya mrija wasukumwapo mwilini; baada ya kikao hutulia kidogo, akapanda matatu akarudi kwake. Katika nyanda hizi, ambazo mara kwa mara zimeteswa na mlipuko wa malaria ya milimani, homa na kutetemeka vimezoewa kwa jina jingine, basi jamaa humnunulia dawa ya malaria, au humpeleka katika zahanati iliyo jirani akachomwa sindano ya kiuavijasumu. Na arudipo hospitalini siku ya tatu, amezidiwa, ilhali dawa ile ndogo imekwisha kuwaficha bakteria wasionekane maabarani ingawa haikuwaua.

Sababu ya pili ni mapengo yaliyomo katika safari ya habari yenyewe, tangu kitandani hata daftarini, na hapa yafaa nieleze kazi ya kutia misimbo, ambayo wasomaji wengi hawajapata kuisikia. Mgonjwa atokapo wodini, awe mzima au maiti, afisa wa rekodi za afya, mtu aliyeisomea fani hiyo katika chuo cha KMTC au kwingineko, husoma faili yake na kuyageuza maneno ya daktari kuwa herufi na tarakimu zikubaliwazo ulimwenguni kote, ili maradhi yaliyoandikwa Bomet kwa mwandiko wa haraka yaweze kulinganishwa na yaliyoandikwa Berlin. Asili ya utaratibu huo ni orodha ya sababu za vifo iliyotungwa na Mfaransa Jacques Bertillon na kukubaliwa mwaka 1893; Shirika la Afya Duniani likaipokea dhamana yake mwaka 1948, na toleo lake la kumi na moja, lililopitishwa mwaka 2019, likaanza kutumika rasmi tarehe 1 Januari 2022.

Tumwaze mama mchumaji chai, mwenye umri wa miaka hamsini, aliyelazwa kwa homa iliyotokana na mrija wake. Kwa kufuata toleo la kumi, ambalo ndilo wengi walilolizoea, ikiwa faili yake ina maneno mawili tu, figo na homa, afisa hana budi kuandika N18.5, yaani maradhi sugu ya figo ya daraja la tano, na R50.9, yaani homa isiyojulikana asili yake. Na mtu yeyote atakayesoma hesabu za mwaka ule hatapata hata fununu kwamba mama yule alikuwa na mrija. Lakini ikiwa daktari ameandika kwamba damu iliyooteshwa maabarani imetoa stafilokokasi aureus, na kwamba asili ya maambukizi ni katheta ya kusafishia damu, afisa yule yule ataandika T82.7, msimbo wa maambukizi yaletwayo na vifaa vilivyotiwa moyoni au katika mishipa, akaongeza A41.0 wa sumu ya damu itokanayo na bakteria huyo, na Z99.2 wa mtu ategemeaye mashine ya kusafisha damu. Mgonjwa ni mmoja na homa ni moja. Faili ya kwanza haina la kumfundisha mtu, na ya pili yatosha kumwamsha mkurugenzi wa afya.

Hata hapo hapakosi utata. Katika toleo hilo la kumi upo pia msimbo T80.2, wa maambukizi yafuatayo dripu, kuongezewa damu na sindano za tiba, na afisa asiyeelezwa vema aina ya mrija aweza kuuchukua huo badala ya T82.7, ingawa orodha yenyewe yaelekeza kwamba maambukizi ya vifaa vilivyopandikizwa yaandikwe mahali pake. Wamarekani, katika toleo lao wenyewe, wamejitengenezea msimbo wa pekee, T80.211A, wa maambukizi ya damu yatokanayo na katheta ya mshipa mkuu. Toleo la kumi na moja limekwenda mbele zaidi, kwa kuwa laruhusu dhara litokalo katika tiba lielezwe kwa sehemu tatu zilizounganishwa pamoja: dhara lenyewe, kifaa au tendo lililolileta, na namna lilivyotokea. Chombo hicho ni kizuri, na kitafaa kitu endapo tu yule aandikaye faili atayataja mambo hayo matatu.

Maana sharia ya kwanza ya kutia misimbo ni kwamba afisa wa rekodi hana ruhusa ya kubuni. Akiona katika ukurasa mmoja kwamba mgonjwa ana mrija, na katika ukurasa mwingine kwamba ana sumu ya damu, hawezi kuziunganisha habari hizo mbili kwa hekima yake mwenyewe. Ni lazima tabibu aandike kwamba moja imetokana na nyingine. Tabibu naye hawezi kuandika hivyo kwa uhakika asipokuwa na ithibati ya maabara, na maabara haiwezi kutoa ithibati isipoletewa damu iliyochukuliwa sawasawa: chupa moja kutoka katika mrija na ya pili kutoka katika mshipa wa mkono, zote mbili kabla ya sindano ya kwanza ya kiuavijasumu. Ikiwa chupa ya mrija yaonyesha bakteria saa mbili au zaidi kabla ya chupa ya mkono, hiyo ni dalili thabiti kwamba wametoka mrijani. Hivyo muuguzi, tabibu, mtaalamu wa maabara na afisa wa rekodi wameshikana mkono, na mmoja wao akiuachia, taabu ya wengine wote hupotea.

Na wala nisiambiwe kwamba kuweka daftari kwa uangalifu ni anasa ya nchi tajiri, maana ithibati ya kinyume chake imetoka hapa hapa. Hospitali ya mashamba ya chai ya Kericho iliandika wagonjwa wake wa malaria mwaka baada ya mwaka, na mwaka 2000 watafiti wakachapisha uchambuzi wa mwenendo wa maradhi hayo miongoni mwa watu wa shamba moja la chai tangu mwaka 1965. Muda si mrefu wanazuoni wa ulimwengu wakaanza kujadiliana kama malaria ya milimani yaongezeka kwa sababu ya joto la dunia au kwa sababu nyingine, na jina la Kericho, pamoja na vipimo vya hali yake ya hewa, likatajwa na kutajwa tena katika majarida makubwa ya sayansi kwa zaidi ya miaka kumi. Makarani na wauguzi walioijaza mistari ile, wengi wao wasiojulikana kwa jina, hawakukusudia kuingia katika mjadala wa ulimwengu. Walikusudia kuandika tu kilichompata kila aliyepita mlangoni, na kwa uaminifu huo wakawapa wanadamu elimu ambayo haikununulika kwa fedha.

Watu wa nyanda hizi, kwa kweli, hawahitaji kufundishwa thamani ya kuandika. Mkulima wa chai apelekaye majani yake kituoni husimama karibu na mizani, akatazama kilo zikiandikwa kwa nambari yake, na mwezi ukiisha hulinganisha karatasi zake na malipo ya kiwanda. Ajua kwamba kilo isiyoandikwa ni kilo isiyolipwa, na kwamba bonasi ya mwisho wa mwaka haitamkumbuka mtu kwa jasho lake, itamkumbuka kwa hesabu yake. Uangalifu uo huo ndio niutakao kwa damu ya mkulima huyo siku aketipo katika kiti cha mashine.

Tazama sasa habari ya fedha. Kila mwenye mshahara leo hukatwa asilimia 2.75 ya mapato yake kwa ajili ya SHA, na mifuko iliyoundwa kwa sharia ya mwaka 2023, ukiwamo ule wa maradhi sugu na ya hatari, haina budi kuamua kila mwaka nini kilipiwe na kwa kiasi gani. Ikiwa madai yatokayo Kericho na Bomet yasema tu kwamba wagonjwa wa figo walilazwa tena na tena kwa homa, mwenye kupanga ataona kwamba figo ni maradhi ya gharama, basi. Hataona kwamba fedha nyingi zilizolipwa kwa vitanda na viuavijasumu vya thamani zingebaki mfukoni kama fistula zingetengenezwa mapema. Mfumo wa taarifa za afya wa taifa, ulioenea nchini tangu mwaka 2011, wategemea kadhalika kile unacholetewa: katika fomu ya wagonjwa wa nje waliovuka miaka mitano, malaria ina mstari wake na kisukari kina mstari wake, ilhali maambukizi ya mrija hayana mahali pa kukaa. Maradhi yasiyo na mstari katika fomu hayana msemaji katika bajeti.

Najua majibu yatakayotolewa, na la kwanza ni hofu. Daktari na muuguzi huogopa kwamba wakiandika kuwa maambukizi yametoka mrijani watakuwa wamejishitaki wenyewe, na hospitali huogopa kwamba sifa yake itachafuka au madai yake yatakataliwa. Hofu hiyo ina msingi, na haifai kupuuzwa. Mnamo tarehe 1 Oktoba 2008 bima ya umma ya Marekani iitwayo Medicare ilikoma kuzilipa hospitali ziada kwa maambukizi ya mirija ya mishipa yaliyompata mgonjwa akiwa mikononi mwao, kwa tumaini kwamba adhabu ya mfuko ingeleta usafi. Na mwaka 2012 jarida la New England Journal of Medicine likachapisha utafiti ambao haukuona kwamba adhabu hiyo ilipunguza maambukizi. Tujifunze kutokana na hayo. SHA na serikali za kaunti ziutumie msimbo huu kuwa taa ya kuonea, zisiutumie kuwa kiboko, na hospitali iandikayo kwa ukweli isiwekwe chini ya ile inyamazayo. Kwa maana kituo kisicho na hata homa moja ya mrija katika daftari lake kwa mwaka mzima chastahili kuulizwa kwanza, kabla ya kusifiwa, kama huchukua damu na kuiotesha.

Jibu la pili ni kwamba karatasi haziponyi, na kwamba penye upungufu wa wauguzi na dawa ni israfu kuajiri watu wa kuandika. Nalikataa jibu hili kwa moyo wangu wote. Taasisi ile ile ya CDC yasema kwamba kati ya mwaka 2014 na 2019 maambukizi ya damu katika vituo vya kusafisha damu vya Marekani yalipungua kwa zaidi ya asilimia 40, na tadbiri zilizotumika si za miujiza: kuosha mikono, kusugua kifuniko cha mrija kwa dawa kila ufunguliwapo, kusafisha ngozi kwa klorheksidini, kumfundisha mgonjwa, kuondoa mrija usiohitajika tena, na kuwaonyesha wafanyakazi hesabu zao wenyewe kila mwezi. Hilo la mwisho haliwezekani pasipo kuandika, na hayo mengine hulegea upesi mahali ambapo hapana aangaliaye kama yanafaulu. Tena nchi hii ilikwisha kujiwekea mpango wa taifa wa kupambana na bakteria waliozoea dawa, uliotangazwa kwa miaka ya 2017 hadi 2022. Na ni wapi dawa kali hutolewa kwa kubahatisha kuliko kwa mgonjwa mwenye homa ambaye damu yake haikuoteshwa?

Hati ya kifo yataka neno lake peke yake, kwa kuwa ndiyo shahada ya mwisho ambayo maiti aweza kuwatolea walio hai. Kwa mfano uliowekwa na Shirika la Afya Duniani, sehemu ya kwanza ya hati hiyo ina mistari inayofuatana, wa juu ukiwa wa jambo lililoua moja kwa moja na wa chini ukiwa wa asili yake. Daktari aandikaye "moyo kusimama" katika mstari wa kwanza na "figo" katika wa pili hakusema uongo, ila amekiruka kisa chote kilicho katikati. Aandike mshtuko wa sumu ya damu. Chini yake maambukizi ya damu ya stafilokokasi aureus. Chini yake maambukizi ya katheta ya kusafishia damu. Na chini kabisa maradhi sugu ya figo yaliyoletwa na kisukari. Asili itabaki kuwa ile ile, kisukari na figo, lakini mrija utakuwa umeshuhudiwa, na atakayehesabu ataukuta. Haimchukui tabibu zaidi ya dakika chache, na ni amana aliyo nayo kwa mtu ambaye hawezi tena kujisemea.

Basi nini kifanywe? Kwanza, kila chumba cha kusafishia damu katika kaunti hizi mbili, cha serikali, cha misheni au cha mtu binafsi, kiwe na daftari moja lenye kuonyesha kila mwezi ni wagonjwa wangapi wana mrija na wangapi wana fistula, siku mrija ulipotiwa, waliopata homa, waliochukuliwa damu ya kuotesha, bakteria walioonekana, na waliofariki. Na daftari hilo lisomwe mbele ya wafanyakazi wote, bila kumtaja mkosaji. Pili, fomu ya kumruhusu mgonjwa atoke wodini iwe na swali lisiloepukika: je, maambukizi haya yametokana na njia ya damu, na njia hiyo ni ya aina gani? Tatu, daktari na afisa wa rekodi wakutane kila wiki juu ya faili zenye mashaka, ili afisa asiendelee kufungiwa katika chumba cha nyuma akiyasoma mafumbo ya mwandiko. Sharia ya mwaka 2016 iliwatambua maafisa hawa kuwa wanataaluma, na ajira na heshima wapewazo zilingane na utambuzi huo. Nne, gharama za kuotesha damu na za kutengeneza fistula zionekane peke yake katika mipango ya SHA na ya kaunti, zisimezwe ndani ya bei ya kikao, na kila atiwaye mrija apewe siku ile ile miadi ya kuonana na mpasuaji.

Kwa jamaa za wagonjwa nina ombi pia, kwa maana daftari hili lina milango miwili na wao ndio wenye funguo za mmoja. Mzee au mama yenu mwenye mrija akitetemeka au akipata homa, iwe mashineni au nyumbani, msimpeleke dukani. Mrudisheni hospitalini siku hiyo hiyo, mseme waziwazi kwamba ana mrija, na mwulize kwa adabu kama damu yake imechukuliwa kabla ya dawa. Siku ya kutoka wodini, ombeni mwelezwe kilichoandikwa kuwa chanzo cha homa ile. Kuuliza hivyo si utovu wa heshima kwa daktari. Daktari mwadilifu atafurahi kwamba yupo mwenzake katika kulinda ukweli.

Mwaka wa fedha wa kaunti huanza tarehe 1 Julai, na kabla ya siku hiyo mabunge ya Kericho na Bomet huketi kugawa kilichopo, na wananchi huitwa kutoa maoni yao. Hapo ndipo pa kulisema jambo hili kwa sauti, mbele ya wawakilishi wadi na mawaziri wa afya wa kaunti: tupewe chupa za kuoteshea damu, tupewe maafisa wa rekodi katika vyumba vya kusafishia damu, tupewe wapasuaji wa fistula kwa ratiba ijulikanayo, na mwisho wa mwaka tusomewe hadharani ni wangapi waliougua kwa njia ya mrija na ni wangapi waliokufa. Kaunti itakayokuwa ya kwanza kuisoma hesabu hiyo mbele ya watu wake, hata ikiwa hesabu yenyewe ni ya kuhuzunisha, itakuwa imefanya tendo la uadilifu ambalo nchi nzima yapaswa kulifuata.